Kidole cha Kuazima

Ukitaka kumuudhi Kajuju, mwachie tundu kwenye fomu. Mengine yote atakuvumilia. Utamkalisha kwenye benchi la zahanati tangu asubuhi, utamwambia mbuzi wake wamemaliza sukumawiki yako, na atacheka tu. Lakini nafasi tupu kwenye karatasi ilimwasha mwili mzima. Alikuwa mhudumu wa afya ya jamii mwaka wa kumi na moja sasa, katika kijiji kilicho mwendo wa nusu saa kutoka soko la Githongo, na daftari lake la nyumba mia moja na kumi halikuwa na mstari hata mmoja uliokosa jibu. Choo kipo. Watoto watatu. Chanjo zimekamilika. Watu walimtania kwamba hata paka wa jirani yake Misheck ana ukurasa wake humo.

Sifa hiyo aliipenda, tusidanganyane. Muuguzi mkuu wa zahanati alizoea kuliinua daftari lake mbele ya wahudumu wengine na kusema, “Hii ndiyo kazi. Haina tundu.” Kajuju aliinamisha kichwa kama mtu anayeona haya, huku masikio yamesimama. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minne aliyeishia darasa la nane, na hakuna mahali pengine duniani alipowahi kuinuliwa mbele ya watu.

Jambo ambalo hakuna aliyeuliza ni jinsi mwanamke mmoja alivyoweza kuzimaliza nyumba mia na kumi kila mwezi, hata mwezi wa mvua, wakati udongo mwekundu wa huko unakuvua kiatu. Jibu ni rahisi. Kuna nyumba alizozijaza daftarini akiwa jikoni kwake, sufuria ikichemka. Aliwajua watu wake. Kama choo kilikuwepo mwezi uliopita, kitakuwa kimekwenda wapi? Hakumwona mtu yeyote akifa kwa ajili ya choo kilichoandikwa bila kutembelewa, kwa hiyo hakujiona mwongo. Alijiona mtu anayejua kazi yake.

Mwezi wa tano mwaka jana walikuja watafiti kutoka Embu. Mkuu wao alikuwa Daktari Mwaniki, ambaye watu walimwona mara moja tu. Aliyekuwa akipanda huku kila Alhamisi ni muuguzi kijana aliyeitwa Veronicah, mwenye sauti ndogo na viatu vya mpira vilivyozoea matope. Aliwakusanya wahudumu zahanati akawaeleza. Kuna wanawake ambao hawajawahi kuugua kisukari, lakini mimba ikikua, sukari inapanda damuni bila kelele. Mama hahisi lolote. Mtoto ndiye anayenenepa kupita kiasi, maji ya uzazi yanazidi, na mwishoni anaweza kukwama njiani, au akazimika tumboni wiki za mwisho bila dalili. Walitaka kujua ni wanawake wangapi wa vijiji vya milimani walio hivyo, na kama kupima wenyewe nyumbani kunaweza kuwaokoa watoto wao.

Wenzake waliandika. Kajuju aliishika kalamu tu, kwa sababu maneno yale yalikuwa yanamhusu mtu aliyezikwa kwenye shamba lake la kahawa.

Miaka miwili kabla, Ntinyari, mke wa mwanawe Muthamia, alikuwa amebeba mimba ya kwanza. Muthamia alifanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Embu, akapanga chumba huko mtaa wa Dallas, akawa anarudi nyumbani mwisho wa mwezi. Kwa hiyo aliyemlea Ntinyari na tumbo lake alikuwa Kajuju, na alimlea kwa nguvu zote. Uji asubuhi, ndizi mbivu, viazi vitamu, chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari. Tumbo lilipotokeza mbele, kijiji kizima kilisifu. Huyo ni mwanamume kamili, walisema, na Kajuju alitembea njiani kama yeye ndiye mwenye tumbo. Mtoto alikuwa wa kiume kweli, kilo nne na gramu mia tisa. Kichwa kilitoka, mabega yakakataa. Alipotoka hakulia. Kuna waliosema Ntinyari hakusukuma ipasavyo, na Ntinyari aliyasikia maneno hayo kanisani, yakinong’onwa nyuma ya mgongo wake. Kajuju alilifungua daftari lake akaandika kwa mkono wake mwenyewe: mtoto mmoja, amefariki akizaliwa. Hakukuwa na mahali pa kuandika sababu.

Sasa Ntinyari alikuwa na mimba ya pili. Jina lake ndilo lililotangulia kwenye orodha ya wajawazito ambayo Kajuju aliwapa watafiti, na baada yake yakafuata mengine kumi na saba.

Kupata wanawake kumi na wanane si kazi; kazi ni kuwafikisha kliniki tumbo likiwa tupu. Kipimo kilitaka mtu asile wala kunywa chochote isipokuwa maji tangu usiku. Akina mama wakwe wa huku wangekubali kuchekwa kwa mambo mengi, lakini si kwa kumtoa mjamzito langoni na njaa. Mmoja wao, Regina, alimsimamia mke wa mwanawe na kikombe cha uji mpaka akakimaliza, kisha akamsindikiza kliniki akijisifu. Alirudishwa. Kajuju alikwenda kwa Regina akamfokea mbele ya kuku na watoto.

“Wewe unafikiria hii ni mchezo?” alimwambia. “Hawa watu wanatafuta ukweli wa damu. Ukiwapatia damu ya uji, watatibu uji.”

Regina aliomba msamaha. Maneno yale Kajuju alikuja kuyakumbuka baadaye kwa uchungu ambao simtakii mtu.

Wanawake walikunywa maji ya sukari yaliyowafanya wakunje uso, wakakaa saa mbili bila kutembea, wakatolewa damu mara tatu, Kajuju akiwajazia fomu ya kila mmoja kwamba amefunga tangu usiku. Kati ya kumi na wanane, watatu walikutwa na sukari ya mimba. Mmoja wao alikuwa Ntinyari.

“Si makosa yako, na si mwisho wa maisha,” Veronicah alimwambia, Kajuju akiwa ameketi kando. “Wengi wanajifungua vizuri. Lakini lazima nijue sukari inafanya nini kila siku. Unapima asubuhi kabla hujaweka kitu kwa mdomo, halafu saa moja baada ya kila chakula. Mara nne. Ya jioni ndiyo naitaka sana, kwa sababu nyinyi mnakula chakula kizito jioni.”

“Na ikipanda?” Ntinyari aliuliza.

“Baada ya chakula isipite saba nukta nane. Ikipita mara kadhaa kwa wiki, tunaanza dawa ama sindano. Hakuna kungoja-ngoja. Hiyo sindano ndiyo inalinda mtoto.”

Akawapa mashine ndogo inayoenea kiganjani, vijiti vya kupimia, sindano za kutoboa kidole, na daftari lenye nafasi nne kwa kila siku. Mashine ilikuwa na kumbukumbu yake. Kila Alhamisi Veronicah angeiunganisha na simu yake aone kama inakubaliana na daftari. Kajuju aliupenda mpango huo. Ulikuwa wa watu makini.

Wiki za kwanza walikwenda vizuri mno. Kajuju alilificha kopo la sukari chumbani mwake. Muthere, mahindi na maharage ya kila jioni, aliupima kwa kikombe, na ndizi mbivu alizipeleka kwa majirani. Asubuhi damu ilisoma tano, mchana sita au saba. Jioni ndiyo ilichezacheza. Siku nyingine ilifika nane na kitu, na Veronicah akasema wataendelea kuitazama.

Kisha kahawa ikaiva.

Asiyejua kahawa atadhani ni kinywaji tu. Mwezi wa kumi, huku Imenti, ni bwana wa kila mtu. Tunda likishakuwa jekundu halingoji mimba ya mtu. Ntinyari alichuma matawi ya chini tangu asubuhi, alasiri akapanga foleni kiwandani akichambua matunda mabichi na mabivu, akarudi jua limezama. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu na vimepasuka kwenye ncha, pale pale penye kutobolewa. Jioni ya Ijumaa moja alikula muthere wake, akajinyoosha kwenye kiti kirefu.

“Mama, leo acha,” alisema Kajuju alipoileta mashine. “Vidole vinaniuma mpaka ndani ya kucha.”

“Ni tone moja tu, mwanangu.”

“Kesho, Mama. Tafadhali.”

Akalala hapo hapo, mdomo wazi, mkono mmoja juu ya tumbo. Kajuju alimwonea huruma. Huruma hiyo ilikuwa ya kweli, na nataka ihesabiwe, maana yaliyofuata yanaweza kumfanya mtu aisahau. Alimfunika leso. Kisha akatazama daftari. Namba tatu, na nafasi ya nne nyeupe.

Angeweza kubuni namba, lakini mashine ingemsuta Alhamisi. Akafikiri alivyozoea kufikiri juu ya vyoo. Msichana amekula kile kile alichokula jana. Amefanya kazi kutwa, labda hata sukari imeshuka. Jibu linajulikana, ila tu halijaandikwa. Akakipangusa kidole chake mwenyewe, akakitoboa, akakigusisha kwenye kijiti. Sita nukta mbili. Akaandika. Kazi nzima haikumaliza dakika mbili, moyo ulimdunda kidogo kama wa mtu aliyeruka foleni, kisha akaenda kulala na usingizi ukamchukua mara moja. Baadaye ni usingizi huo hasa uliomtesa, kwamba aliupata kirahisi hivyo.

Jumamosi Ntinyari alirudi amechoka zaidi. Jumatatu alitapika kwa uchovu. Kufikia Alhamisi, jioni tano kati ya sita zilikuwa za Kajuju.

Veronicah aliiunganisha mashine na simu, akatabasamu tangu sikio hadi sikio. “Jioni zimeshuka! Sita nukta mbili, tano nukta tisa, sita nukta nne. Ntinyari, umefanya nini?”

Ntinyari aliinua macho kutoka kwenye kikombe chake cha strungi, chai isiyo na maziwa, akamtazama mama mkwe wake. Kajuju alikuwa ameshughulika na kuku waliokuwa mlangoni, kuku ambao hawakuwa na haja naye. Katika nyumba za huku, mke wa mwana hamkosoi mama wa mumewe mbele ya mgeni. Ntinyari alitoka Kanyakine, kwa mama mkali, na adabu hiyo alifundishwa kabla hajafundishwa kuosha vyombo.

“Ni Mama,” alisema mwishowe. “Mama ananisaidia sana.”

“Basi sindano tungoje. Endeleeni hivyo hivyo.”

Mgeni alipoondoka Kajuju alijiandaa kuulizwa. Hakuulizwa. Ntinyari alichukua kikapu akaenda zake kwenye kahawa. Jioni alikula, akajinyoosha, wala hakungoja kuombwa kidole. Tangu siku hiyo jambo lile likawa desturi ya nyumba, na kama desturi nyingine za nyumba, hakuna aliyelitaja. Wiki ya pili Ntinyari aliongeza nusu kikombe cha muthere. Wiki ya tatu akala ndizi mbivu baada ya chakula. Kisha kopo la sukari likarudi mezani kwa chai ya jioni, na hakuna aliyejua limerudije. Kajuju aliyaona yote. Mwanamke aliyekuwa akifokea kijiji kizima hakupata hata neno moja la kumwambia mtu wa nyumbani mwake, kwa sababu kila neno lililomjia mdomoni lingeanza na kidole chake.

Mimba ilipofika wiki ya thelathini na tano walikwenda mjini Meru kupigwa picha. Daktari wa pale alizungusha kifaa tumboni, akarudia, akachukua daftari akalisoma ukurasa kwa ukurasa. Alisema mtoto ni wa kike. Kajuju alihisi machozi, kwa kuwa binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba, na hilo lilikuwa jina lake. Lakini daktari hakuwa amemaliza.

“Huyu mtoto ni mkubwa sana kwa wiki hizi, na maji ni mengi. Ningesema ni sukari. Lakini sukari yenu iko sawa kabisa.” Aligonga daftari kwa kalamu. “Basi tarehe za mimba ndizo zimekosewa. Mama, una hakika na siku zako?”

“Nina hakika,” Ntinyari alisema.

“Wengi husahau.”

“Mimi sikusahau, Daktari. Niliwahi kupoteza mtoto. Siku zote nilihesabu.”

“Tutasema uko wiki ya thelathini na nane,” daktari alisema kwa upole, akaandika. Ntinyari aligeuza uso ukutani.

Kajuju alisimama na mkoba kifuani. Tarehe ile alikuwa ameiandika yeye mwenyewe kwenye daftari lake la kijiji, siku Ntinyari alipomwambia, na ilikuwa kweli tupu. Sasa waliifuta iliyo kweli ili uongo wake upate nafasi. Njiani kurudi alikata kauli. Alhamisi ikifika, atasema.

Alhamisi ikafika, na Veronicah akaja na habari kabla hata hajavua mkoba. “Mama Muthamia, Daktari Mwaniki anataka uje Embu kwa mkutano. Uelezee vile familia inaweza kusaidia. Daftari lako halina hata siku moja imerukwa. Vijiji vyote, hakuna kama lako.”

Kajuju alifungua mdomo. Akilini aliyaona macho ya muuguzi mkuu, aliwaona wanawake kumi na saba walioshinda njaa kwa sababu yeye aliwaambia, alimwona Regina akicheka mpaka anashika kiuno. Akasema, “Asante, Sista.” Nimejaribu kumtetea tangu mwanzo wa habari hii, lakini hapo simtetei. Alikuwa ameshajua kilicho hatarini, na alinyamaza kwa kuogopa aibu.

Alichokifanya badala yake ni kujaribu kurekebisha kichinichini. Jumamosi jioni aliketi karibu na Ntinyari na mashine, akaomba kidole. Ntinyari alimtazama kwa mshangao, kisha akatoa. Ilikuwa jioni ya kwanza baada ya zaidi ya wiki sita.

Kumi na moja nukta nne.

“Ni ngapi, Mama?”

“Iko juu kidogo,” Kajuju alisema. Kijiti kilimwanguka. Akalifunga daftari bila kuandika, akalichukua kopo la sukari, akaenda nalo chumbani akakaa juu ya kitanda nalo mapajani. Alhamisi, alijiambia. Alhamisi nitasema, hata kama nitakufa kwa haya.

Jumatatu asubuhi Ntinyari alisimama mlangoni mwa jiko, amejishika tumbo chini. “Mama, huyu mtoto hajacheza tangu jana mchana.”

Misheck aliwapeleka hospitali ya mjini Meru kwa pikapu yake, ile ya kubebea magunia, Ntinyari akiwa mbele na Kajuju nyuma akishikilia chuma. Hakuomba maombi marefu. Alisema tu, si huyu pia, si huyu pia, mpaka wakafika.

Chumba cha akina mama kilikuwa kimejaa. Daktari wa zamu, kijana mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, alimfunga Ntinyari mikanda ya kusikilizia moyo wa mtoto. Mapigo yalikuwepo. Yalikwenda, yakazubaa, yakaenda tena. Ntinyari alimpa daftari. Daktari alifunua kurasa haraka.

“Hii sukari imetunzwa vizuri sana,” alisema. “Na mwenzangu ameandika mimba imekwenda mbele kuliko tarehe zake, kwa hiyo ukubwa wa mtoto si wa sukari. Labda mtoto amelala tu. Tutamlaza, tumwangalie mpaka kesho asubuhi, ndio tuamue.”

Aligeuka aende kitanda kingine. Kulikuwa na wagonjwa wanane mle ndani, na jamaa zao, na angalau wanne kati yao walikuwa watu wa Githongo waliomjua Kajuju na fulana yake ya kazi, ambayo kwa haraka ya asubuhi alikuwa ameivaa.

“Daktari,” alisema. Akasema tena, kwa sauti iliyosikika mpaka mlangoni. “Daktari, hiyo damu si yake.”

“Unasema?”

“Zile za jioni. Nilijitoboa mimi. Hiki hapa.” Akakiinua kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, chenye vidoa vidogo vidogo vyeusi, kama mtoto anayetaka ruhusa darasani. “Ni zangu zote. Zake hakuna anayezijua. Jumamosi nilipima yake ikasoma kumi na moja. Na tarehe ni ile yake ya kwanza. Msingoje kesho.”

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu wangecheka. Daktari alimtazama kwa muda mfupi sana, kisha akaitisha mashine, akamtoboa Ntinyari mwenyewe. Kumi na tatu nukta nane. Akalisukuma daftari kando, akaanza kuita watu kwa majina. Ndani ya saa moja Ntinyari alikuwa chumba cha upasuaji.

Mtoto alitoka hai. Kilo nne na gramu mia tano, mashavu yamefura, mwili mlegevu, pumzi za kukatakata. Sukari yake ilianguka mara tu alipotenganishwa na mama yake, wakamkimbiza kwenye chumba cha watoto wachanga, wakamwekea mrija puani na sindano mkononi. Kisigino chake kilitobolewa kila saa. Kajuju aliyaona hayo kupitia kioo cha mlango. Kila kisigino kiliposhikwa alifumba macho.

Jioni Muthamia alipiga simu akiwa njiani kutoka Embu. Ntinyari alikuwa amemweleza. “Mama,” alisema. “Wewe?” Kisha akakata.

Veronicah alikuja siku ya pili. Kajuju alimngojea uwanjani ameshaikunja fulana ya kazi, akamkabidhi pamoja na mashine. Alitaka atukanwe amalizane naye. Veronicah aliketi kando yake kwenye ukingo wa saruji.

“Wale wengine kumi na saba lazima turudie wote,” alisema. “Daktari Mwaniki amesema. Fomu zao za kufunga uliandika wewe, na hatuwezi jua ni zipi ulijaza tu.”

“Zile ni za kweli. Naapa.”

“Nakuamini mimi. Lakini si mimi naamua.” Aliiweka fulana mapajani. “Mama Muthamia, ungeniachia hiyo nafasi wazi ningeuliza kwa nini. Ungeniambia vidole vimepasuka kwa kahawa, ningekuonyesha kutoboa kwa pembeni, ama ningeanza dawa bila kungoja. Sikuhitaji namba nzuri. Nilihitaji tu kujua.”

Kajuju alilia hapo, kwa sauti, mchana kweupe, watu wakipita na vyakula vya wagonjwa wao. Kumi na saba walioamini maneno yake wangefunga tena, wangekunywa tena yale maji ya sukari, na wangejua ni kwa sababu ya nani.

Siku ya tatu aliruhusiwa kumwona Ntinyari. Alikuja na chupa ya uji mwepesi usio na sukari, na maneno aliyoyapanga njia nzima. Alijua atalaumiwa kwa uongo, na lawama hiyo alikuwa tayari kuibeba. Ntinyari alikuwa ameketi kitandani, uso umemvimba. Alimpokea kwa adabu ile ile ya siku zote. Akamwambia mtoto ameanza kupumua vizuri, lakini sukari bado inaanguka, na madaktari hawajasema lolote la hakika.

“Mwanangu,” Kajuju alianza, “nilikuonea huruma, nikakosea. Nilidanganya kwa jina lako.”

“Nilijua, Mama. Tangu ile Alhamisi.”

“Najua ulijua. Ungesema tu hata tukiwa wawili.”

“Ningesemaje? Na si kuogopa peke yake.” Ntinyari alikuwa anatazama mikono yake. Ncha za vidole zilikuwa zimeanza kupona. “Sista alisema jioni ndiyo muhimu. Mimi nilimwamini, nilikuwa naogopa kila tonge. Halafu nikaona wewe unaandika tu. Nikasema, Mama ndiye amesomea haya mambo, na yeye mwenyewe alimzika yule wa kwanza. Kama Mama anaweza kuandika tu, basi hawa watu wa Embu wanatutisha bure. Ndiyo maana nikaanza kula, Mama. Si njaa. Niliona wewe huogopi.”

Kajuju alikuwa amefikiri alimwibia damu. Kumbe alimwibia hofu yake, na hofu hiyo ndiyo ilikuwa inamlinda mtoto.

Muuguzi aliita kutoka mlangoni kwamba saa ya kukamua maziwa imefika, akina mama wa watoto wachanga waje. Ntinyari alishusha miguu polepole, mkono kwenye mshono. Kajuju aliinuka haraka akampa bega lake aliegemee.

“Hapana, Mama,” Ntinyari alisema. Hakuinua sauti. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka minne kumkatalia kitu. “Hii nitaenda mwenyewe.”

Akaenda, akiegemea ukuta. Kajuju alibaki amesimama kando ya kitanda na chupa ya uji mkononi, akamtazama mpaka akafika mlangoni, na ijapokuwa moyo ulimuuma kuliko siku zote, hakumfuata.